Watoto viziwi waliojitungia lugha bila mwalimu

Je, lugha tunaipata kwa kufundishwa, au tunazaliwa na uwezo wake kichwani? Wanaisimu wamebishana kwa miongo kadhaa. Watoto viziwi wa Nikaragua ni sehemu kubwa ya ubishi huo.

Hadi miaka ya 1970, viziwi wengi nchini humo walikaa nyumbani, kila mmoja akiwasiliana na familia yake kwa ishara chache za kubuni. Mwaka 1977 kituo cha elimu maalumu kikafunguliwa mjini Managua, na baada ya mapinduzi ya 1979 nafasi zikaongezeka. Kufikia 1983, wanafunzi viziwi walikuwa zaidi ya 400.

Walimu walitaka wajifunze Kihispania kwa kusoma midomo. Wapi! Wengi hawakuambulia kitu. Ila uwanjani na ndani ya basi la shule, watoto walikuwa wanapiga stori kwa mikono. Ishara za kila nyumba zikachanganyika, na walimu wakawa hawaelewi kinachosemwa.

Mwaka 1986 mwanaisimu wa Marekani, Judy Kegl, akaitwa kusaidia. Kumbe ilikuwa lugha mpya inazaliwa.

Wadogo wakawapita wakubwa

Waliojiunga wakiwa wadogo ndio walioinoa zaidi. Katika utafiti wa Ann Senghas na wenzake uliochapishwa 2004, viziwi walisimulia katuni ya paka anayebingirika mteremkoni. Kundi la kwanza mara nyingi lilionyesha kubingirika na kushuka kwa pamoja, katika ishara moja. Waliokuja baadaye waliitenganisha: kwanza ‘bingirika’, kisha ‘shuka’, kama maneno mawili ndani ya sentensi. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha hivyo.

Maana yake nini?

Kwa wanaomfuata Noam Chomsky, huu ni ushahidi wa sarufi bia, yaani msingi wa lugha ambao kila binadamu huzaliwa nao. Wapinzani, akiwemo Michael Tomasello, wanasema mtoto huijenga lugha kidogo kidogo kwa kuitumia na kusoma nia za wenzake.

Ubishi haujaisha, ila Managua ilionyesha mambo mawili. Lugha haikuzaliwa mpaka watoto walipokutana, na waliochelewa kufika hawakufikia ufasaha wa wadogo.

Kwa mzazi wa mtoto kiziwi, kusubiri ‘akue kwanza’ ndipo akutane na lugha ya alama ni kumpotezea miaka isiyorudi.