Vyombo Juu ya Lori, Gari Nyuma ya Kamba

Kasongo, kusini mwa Maniema nchini Kongo, hakuna kampuni ya kukukabidhi funguo za lori asubuhi ukalirudisha jioni. Lori hukodiwa pamoja na dereva wake, utingo wake, sepetu zao, na mara nyingi pamoja na mzigo wa mtu mwingine: magunia ya mpunga, madumu ya mawese, abiria waliokaa juu ya vyote hivyo. Mwalimu aliyehamishiwa Kabambare, muuguzi aliyepata kazi katika kituo cha afya, mfanyabiashara anayefuata soko, wote huanza kwa kupatana bei na mwenye motokari. Kitanda hufunguliwa, masufuria huingizwa ndani ya pipa, godoro hupakiwa mwisho kwa sababu litakaliwa njiani. Kazi huwa ngumu pale anayehama anapokuwa na gari dogo ambalo injini yake imekufa, au lenye injini nzima lakini mafuta hayanunuliki. Hapo husemwa: lifungwe nyuma, lori lina nguvu.

Nguvu ya injini lori inayo kweli. Ila nguvu hiyo haifanyi kazi yoyote mpaka udongo uipokee, na udongo wa Maniema ya kusini una masharti yake.

Tuchukue mfano wa kawaida. Lori la ekseli mbili, aina ya Fuso, likishapakiwa lina uzito wa tani 15: tani 5 zimelala kwenye ekseli ya mbele, tani 10 kwenye ekseli ya nyuma, ambayo ndiyo inayosukuma. Barabara ya udongo iliyokauka hushika tairi vizuri; kabla ya kuteleza, magurudumu ya nyuma yanaweza kusukuma kwa zaidi ya nusu ya uzito uliolala juu yake, yaani tani 5 au 6 za nguvu. Mvua ikinyesha, mshiko huo unaweza kushuka hadi sehemu moja ya tano. Ekseli ile ile ya tani 10 sasa ina tani 2 tu za kusukumia, hata dereva akanyage mafuta namna gani. Inayozidi hapo huishia kuzungusha tairi mahali pamoja.

Sasa tuangalie matumizi. Kilima kinachopanda mita 7 katika kila mita 100 hudai asilimia 7 ya uzito wa kila kinachokipanda. Kuviringisha matairi kwenye udongo laini hudai kama asilimia 5 nyingine. Kwenye lami ingekuwa karibu 1, na kwenye reli inayopita Samba, ng'ambo ya Lualaba, chuma juu ya chuma, haifiki hata nusu ya hiyo moja. Jumla kwenye kilima chetu ni asilimia 12. Lori la tani 15 hutumia kilo 1,800 za nguvu kujipandisha lenyewe, kati ya zile 2,000. Zinabaki 200.

Gari dogo tupu la kilo 1,500 nalo hudai asilimia 12: kilo 180. Linapanda, kwa kubanana, lakini linapanda.

Ila nani anayehama na gari tupu? Viti vya nyuma vinalazwa, sahani zinaingia, gunia la mchele, cherehani, kuku kwenye buti. Tuseme kilo 300. Gari sasa lina kilo 1,800 na dai lake limekuwa 216. Baki ilikuwa 200. Lori limekwama katikati ya kilima, magurudumu yanazunguka na kuchimba, na wote wanashuka kusukuma.

Chukua sasa kilo 300 zile zile uzihamishie kwenye lori, juu ya ekseli ya nyuma. Lori limekuwa tani 15.3 na linadai kilo 1,836. Lakini ekseli inayosukuma nayo imeongezewa uzito, na uzito ndio unaozaa mshiko: moja ya tano ya tani 10.3 ni kilo 2,060. Zinabaki 224, gari tupu linachukua 180, na bado ipo akiba ya 44. Mzigo ni ule ule na kilima ni kile kile. Uzito ulio juu ya magurudumu yanayosukuma hulipa nauli yake na kuacha chenji. Ulio ndani ya gari linalovutwa ni abiria wa bure. Ndiyo maana madereva wa zamani hukataa kuona hata mkeka ndani ya gari lililofungwa nyuma, ingawa wengine hawatakupa hesabu hii. Watakwambia tu kwamba ni tabia mbaya.

Lipo tatizo moja katika ushauri huu: barabara nayo ina dai lake. Kila kilo unayoiongeza kwenye ekseli ya nyuma inaushukia udongo. Ili kuelewa hapo lazima tuache lori kidogo tuinamie chini.

Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi kidogo ya kilomita 100 kwa mstari wa ndege; barabara, ikikwepa vilima na kuyafuata maji ya bonde la Luama, ni ndefu zaidi. Udongo wake mwekundu ni wa jamii ya laterita, jina lililotolewa na mtafiti Francis Buchanan mwaka 1807 alipoona watu wa kusini mwa India wakiukata kama matofali na kuuacha ukauke juani. Kwa miaka mingi mno mvua ya tropiki huosha silika na chumvi na kuacha oksaidi za alumini na za chuma, na hizi za chuma ndizo zenye rangi ya kutu. Ukikauka, udongo huo hushikamana hata sepetu ikalia. Kati ya Septemba na Mei hali hugeuka, maana ndani yake mna udongo wa mfinyanzi mwingi, na udongo huo hunywa maji.

Maji hayalainishi udongo kwa kuuyeyusha, kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1925 mhandisi wa Austria, Karl Terzaghi, alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa sayansi ya udongo, na kiini chake ni rahisi. Udongo hubeba mzigo kwa sababu chembe zake zimekandamizana na kusuguana. Nafasi zilizo kati ya chembe zikijaa maji, gurudumu linapokanyaga, sehemu ya mzigo hubebwa na maji, na maji hayana msuguano. Chembe zinaachana, udongo unakosa nguvu, tairi linazama. Maji yakipata muda wa kutoka, chembe hugusana tena na nguvu hurudi, bila mtu kufanya kitu chochote.

Hiyo ndiyo sayansi ya bariere za mvua, ile miti inayolazwa kukatiza barabara za Kongo baada ya mvua kubwa ili malori yasubiri saa kadhaa. Wasafiri huzilaumu, na kweli ziko zinazogeuzwa kuwa meza ya kukusanyia pesa. Lakini wazo lenyewe ni sahihi kabisa. Lori moja likipita saa moja baada ya mvua linaweza kuharibu kile ambacho malori mengi yangekipita salama kesho yake.

Uharibifu wenyewe haukui sawasawa na uzito. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wanajeshi waliendesha malori usiku na mchana kwenye barabara za majaribio mpaka zikachakaa. Matokeo yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli ya tani 10 haiharibu mara mbili ya ile ya tani 5, huharibu kama mara 16. Majaribio hayo yalikuwa ya lami na zege, na udongo mtupu hauifuati hesabu hiyo kwa nukta, lakini mwelekeo ni huo huo. Kwa kipimo hicho, ekseli ya gari dogo yenye kilo 750 huharibu sehemu moja tu kati ya elfu thelathini na zaidi ya ile ya tani 10.

Hapo pana dhuluma. Gari dogo haliharibu barabara, lakini ndilo linaloumizwa na uharibifu. Magurudumu ya lori yameachana kwa upana zaidi, na mitaro yake ni mirefu kuliko nafasi iliyo chini ya tumbo la gari, ambayo kwa magari mengi haizidi sentimita 20. Likivutwa humo, tairi moja liko kwenye mtaro, jingine liko juu ya tuta, na tumbo linakwaruza. Kuanzia hapo halivutwi kwa kuviringika tena, linaburutwa. Ile asilimia 5 yetu inaweza kuwa 20 au 30, na hesabu yote ya kilima inavunjika hata kwenye tambarare.

Pembeni mwa mitaro hiyo, kwenye kinjia cha upana wa shuka lililokunjwa, hupita baiskeli. Nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare huhama kwa baiskeli: kilo 100, 150, wakati mwingine zaidi, zimefungwa juu ya fremu, mwenyewe akisukuma huku kijiti kilichofungwa kwenye usukani kikiwa mkono mmoja na kingine nyuma ya kiti kikiwa mkono wa pili. Kwa nini yeye hupita bila kuzama? Shinikizo la tairi lake juu ya udongo si dogo hata kidogo. Jibu lilipatikana mwaka 1885 kwa hesabu za Mfaransa Joseph Boussinesq: shinikizo hufifia kadiri linavyokwenda chini, na kwenye kina cha mara mbili ya upana wa alama ya tairi hubaki karibu moja ya kumi. Alama ya baiskeli ina upana wa sentimita chache, kwa hiyo mzigo wake unaishia kwenye ngozi ya juu, ambayo jua hukausha kwanza. Matairi pacha ya lori hupeleka uzito zaidi ya nusu mita chini, hadi kwenye udongo ambao bado umelewa maji ya juzi.

Kugawa mzigo ni teknolojia ya zamani katika njia hizi. Oktoba 1876 msafiri Henry Morton Stanley alipita Maniema akiwa na mashua yake, Lady Alice, ya mbao za mierezi, yenye urefu wa kama mita 12. Huko Maniema hakuna aliyeiburuta. Ilikuwa imetengenezwa kwa vipande vinavyoachana, na bado vilipofika Zanzibar vilionekana vizito mno, kila kimoja zaidi ya kilo 100, vikakatwa tena vidogo. Wapagazi waliibeba begani kutoka pwani, wakaiunganisha kwenye maziwa, wakaifungua tena, mpaka kupita Nyangwe, kisha ikateremka na mto Lualaba na Kongo hadi karibu na Atlantiki, ilikoachwa mwaka 1877. Vitabu vinamtaja sana Stanley. Mabega hutajwa kwa nadra.

Turudi kwenye kamba, kwa kuwa wapo ambao baada ya yote haya bado watalivuta gari. Wengi huamini mnyororo ni salama kuliko kamba kwa kuwa ni chuma. Fikiria lori likianza kuondoka kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, polepole kuliko mtembeaji, na mnyororo ukiwa umelegea. Unapokazika, gari la tani moja na nusu lazima lishike mwendo huo papo hapo. Mnyororo ukikubali kuvutika kwa sentimita 2 tu, mshtuko hufika karibu tani 7, wa kutosha kung'oa ndoano pamoja na kipande cha bodi. Kamba ya nailoni inayovutika sentimita 40 hushusha mshtuko huo hadi kama kilo 350. Lakini nailoni hutunza nishati, na ikikatika hurudi kwa kasi ya kuua. Tupa gunia lililolowa maji katikati ya kamba ili liipunguze kasi, na uwafukuze watoto. Chuma kilichonyooka cha kuvutia, kinachoshikilia magari mawili umbali uleule, ni bora kuliko vyote viwili, hasa kwenye mteremko, ambako kamba haizuii chochote.

Kwenye mteremko ndiko watu huumia. Gari lililozimwa injini halina msaada wa breki; unapata mikanyago miwili au mitatu, kisha kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na funguo zikitolewa unajifunga. Kwa hiyo ndani ya gari linalovutwa lazima akae mtu mzima anayejua kuendesha, funguo zikiwa mahali pake na zimezungushwa, na lori lishuke kwa gia nzito na mwendo wa chini, kwani kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa nishati ya kuzimwa na breki huongezeka mara nne.

Gari la gia za mkono unaweza kulivuta gia zikiwa huru. Gari la otomatiki ni jambo jingine: pampu inayolainisha gia zake huendeshwa na injini, na injini ikilala, magurudumu yanayozunguka husaga gia kavu. Mengi ya magari ya mitumba yanayoletwa kutoka Japani ni ya otomatiki, na baadhi husukumwa na magurudumu yote manne, hivyo hata kuyanyanyua upande mmoja hakusaidii. Kama lako ni la namna hiyo, lipandishwe lote juu ya lori kwa mbao imara, au liachwe Kasongo mpaka Juni, barabara itakapokauka.