Kipande cha bomba chaweza kula faida ya lori zima

Nyamwage, njia panda ya kwenda Utete, iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi. Kwa mnunuzi wa plastiki chakavu, usafiri si kikwazo. Kikwazo ni kilichomo ndani ya gunia.

Chupa za maji ni PET, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi. Kipande cha bomba la PVC kikiingia humo huungua mapema, hutoa tindikali na kuacha madoa meusi kwenye bidhaa.

Ndoo ya maji husaidia: vipande vya vifuniko huelea, vya PET huzama. Lakini PVC nayo huzama, hivyo iondolewe kwa mkono kabla ya kusaga. Unyevu nao hudhoofisha PET inapoyeyushwa. Ni lazima ikaushwe.

Kila gunia lipewe namba, tarehe na jina la muuzaji, na kiwanda kiandike limetumika lini. Doa likionekana, litafutwe gunia moja, si kukataliwa lori zima. Kuchambua hugharimu ujira wa vibarua. Mzigo ukikataliwa, unaopotea ni mtaji.