Goti Likilia "Ko!", Usikimbilie Kuchua

Wengi wetu tuna kijana wa sekondari nyumbani: mtoto, mdogo wetu au wifi. Siku akirudi anachechemea kutoka mazoezi ya UMISSETA, mtakuwa na maamuzi ya kufanya, na hapo ndipo wapendanao hukorofishana!

Kwetu ilikuwa wifi yangu wa miaka 16, mchezaji wa netiboli. Aliruka, akadaka, akatua. Hakuguswa na mtu. Goti likalia "ko!", jioni limevimba kama embe dodo. Mume wangu alitaka achuliwe. Mwalimu alimhitaji uwanjani baada ya wiki mbili. Mimi nikasema, "Mume wangu, kwanza daktari."

Ndani ya goti kuna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya ule wa paja. Mara nyingi hukatika bila kugongwa, mtu anapogeuka ghafla au kutua goti limeingia ndani. Katika mchezo uleule, wasichana huumia zaidi ya wavulana. Hata mastaa hawaponi: Beth Mead na Leah Williamson wa Arsenal walikosa Kombe la Dunia la 2023 kwa jeraha hili.

Siku ya kwanza apumzike, awekewe barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, bandeji, mguu juu. Eksirei huonyesha mifupa. Kano huonekana kwa MRI. Upasuaji ukihitajika, kwa kawaida hutengenezwa kano mpya kutokana na kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe. Kisha mazoezi ya tiba, na kurudi uwanjani si kabla ya miezi 9. Akiwahishwa, gegedu za goti nazo huchanika, na maumivu humfuata hadi utu uzima.

Hela? Si mchezo. Sisi tuliahirisha safari yetu ya Zanzibar. Mume wangu alinuna siku mbili, kisha yeye mwenyewe akawa anampeleka dada yake kliniki.

Bora kinga. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo 11+, ya dakika 20 hivi: kuruka, kutua magoti yamekunjwa, kuimarisha mapaja. Hayahitaji vifaa zaidi ya mpira na uwanja. Wiki hii mpigieni mwalimu wa michezo, mmuulize: watoto wetu wanafundishwa kutua?