Vioo vya mjini na msonge wa Nyanza

Ukitaka kujua wananchi wana maoni gani kuhusu sura ya jiji la Kigali, panda basi la Gahanga jioni, kisha litaje Kigali City Tower. Hutahitaji kusema neno jingine hadi mwisho wa safari.

Jengo hilo la ghorofa 20 lilikamilika mwaka 2011, na hadi leo linagawa watu. Wafanyabiashara wengi wanalisifu. Mmoja, aliyekuwa akipeleka bidhaa Burundi kwa njia ya Nemba kabla nchi hiyo haijafunga mpaka Januari 2024, aliniambia kuwa mteja mgeni alikuwa hapotei: unamwambia tu mkutane pale chini. Walimu wenzangu wanasema ni vioo vitupu, jengo ambalo lingeweza kusimama Dubai au Nairobi na asitokee wa kulishangaa.

Nami nilikuwa upande wao. Kigali iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni ya upole, sasa kwa nini tujifungie ndani ya vioo? Mfano wangu ulikuwa Kigali Convention Centre, iliyofunguliwa mwaka 2016, ambayo kuba lake linakumbusha nyumba ya mfalme kule Nyanza. Mwingine tunao hapa hapa Gahanga: uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017, wenye mapaa ya matao yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa humu nchini uliochanganywa na saruji.

Nilikuwa nikiyasema hayo ndani ya basi, tena kwa sauti ya darasani (ugonjwa wetu huo), bibi mmoja jirani yangu akanikatiza.

"Mwanangu, hiyo Nyanza uliiona lini?"

Nilinyamaza. Nilizaliwa na kusomea ukimbizini, Karagwe, Tanzania. Nyumba ya mfalme niliijua kwa masimulizi ya mama, nikaja kuiona nikiwa mtu mzima.

"Mimi nimelala kwenye msonge miaka thelathini na zaidi, huko huko Karagwe," akaendelea. "Nyasi zinavuja. Nyasi zinaungua. Ninyi mlioisikia kwenye hadithi ndio mnaoitamani. Mimi nikiona jua linapiga kwenye vile vioo, najua nimerudi nyumbani."

Nikataka kumjibu kwamba lile kuba halina unyasi hata mmoja, na usiku linawaka taa za rangi. Lakini tulikuwa tumeshafika kituoni kwake, naye alikuwa akiomba ateremshiwe kikapu chake cha ndizi.