Bunia: Walimu wapya wangojea namba ya matrikule, sendika zakimbilia dosie zao

Mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mwalimu mpya hupata darasa upesi kuliko mshahara. Shule ikikosa mwalimu, direkta anamwita kijana aliyemaliza ISP au mwenye diploma ya pedagojia, anampa chaki na daftari la mahudhurio, na kesho yake asubuhi kazi inaanza. Lakini katika hesabu za serikali kule Kinshasa, mtu huyo bado hayuko.

Walimu wa namna hii wanaitwa NU, herufi mbili za Kifaransa ambazo kila mtu wa shule hapa anazijua: ni wapya ambao hawajaingia kwenye listi ya malipo. Kando yao kuna NP, wale waliokwisha kupewa namba lakini pesa haijawafikia. Katika Kongo nzima kuna waliobaki hivyo kwa miaka mingi, hata watoto waliowafundisha kusoma wamekwisha kuingia sekondari.

Ndiyo maana msaada wa kwanza ambao mwalimu mpya anautafuta kwa sendika si ushauri wa kufundisha. Anatafuta mtu wa kumsaidia ili jina lake lifike Kinshasa.

Njia yenyewe ni ndefu. Shule nyingi za serikali zinaongozwa na makanisa na dini nyingine, kufuatana na mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977 kati ya serikali na viongozi wa dini. Kwa hiyo mwalimu anahitaji kwanza barua ya kupangiwa kazi kutoka kwa koordinasio ya shule zake, iwe ya Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu au Waislamu. Kisha dosie inakwenda kwa idara iliyokuwa ikiitwa SECOPE, na ambayo leo ni DINACOPE, ili apewe matrikule. Halafu Kinshasa ndiyo inaamua ni lini jina litaingia kwenye malipo. Katika kila mlango dosie inaweza kulala.

Hapa sendika kama SYECO, SYNECAT ya shule za kikatoliki au FENECO zina kazi kubwa, ingawa haionekani sana. Mjumbe wa sendika mwenye uzoefu anajua kwamba jina likiandikwa tofauti kidogo kwenye diploma na kwenye kadi ya mpiga kura, matata yatatokea siku ya malipo, kwa sababu tangu mwaka 2011 mishahara ilianza kupita benki, na benki haimlipi mtu ambaye karatasi zake hazikubaliani. Anajua ofisi gani inapokea, na kwamba dosie iliyotolewa bila karatasi ya kuthibitisha kupokewa ni sawa na dosie isiyotolewa. Kijana wa mwaka wa kwanza hajui hayo, na huko ISP hakuna aliyemfundisha.

Zamani kungojea kulivumilika kidogo. Wazazi walitoa pesa kila mwezi, ile waliyoita prime, na direkta aliwagawia hata wale wasiolipwa na serikali. Mwezi wa tisa 2019, serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi, kama katiba ya mwaka 2006 inavyoagiza katika kifungu cha 43. Kwa wazazi wa Bunia, wengi wao wakiwa wamekimbia vita, ilikuwa nafuu kubwa. Kwa NU wa shule ya msingi, sufuria iliondolewa motoni kabla chakula kingine hakijapikwa. Wenzao wa sekondari, ambako wazazi bado wanalipa, angalau wanapata kitu kidogo.

Watoto waliongezeka darasani, walimu wapya walihitajiwa zaidi, na baadhi ya NU walianza kulipwa. Lakini si wote. Wizi nao ulichangia: wakaguzi wa fedha za serikali, IGF, waligundua shule na walimu wa uongo kwenye listi za SECOPE, na mwaka 2021 mahakama mjini Kinshasa iliwahukumu wakubwa wawili wa elimu, mmoja wao akiwa mkuu wa SECOPE. Pesa inayopewa mwalimu wa uongo haiwezi kumlipa NU aliyesimama mbele ya ubao. Tena kuna wazee ambao wangepaswa kupumzika lakini hawaondoki, kwa kuogopa kwenda nyumbani mikono mitupu. Hapo sendika inashikwa katikati, kwani mzee ni mwanachama wake, na kijana anayengojea nafasi ni mwanachama wake pia.

Au karibu awe mwanachama. Sendika inaishi kwa michango, na asiye na mshahara hana cha kuchanga. Katika mgomo wa mwanzo wa mwaka wa shule 2024, uliogusa majimbo kadhaa, madai yaliyosikika zaidi yalikuwa mshahara wa dola 500. Kulipwa kwa NU na NP kumo katika madai ya sendika tangu zamani, lakini mara nyingi kunatajwa baadaye, baada ya mambo ya wale wanaolipwa tayari.

Kenya, walimu vijana wa sekondari ya chini walionyesha njia nyingine. Wakiwa na mkataba wa muda na shilingi 20,000 kwa mwezi, waligoma wenyewe mwezi wa tano 2024, muda mfupi baada ya mahakama ya kazi kusema kwamba mikataba ile inavunja katiba. Lakini wao walikuwa na mkataba mkononi. NU wa Bunia ana barua ya koordinasio tu.

Na Bunia ina mzigo wake. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Ituri iko chini ya utawala wa dharura, gavana ni mwanajeshi, na kuandamana barabarani si jambo rahisi. Mashambulizi ya CODECO huko Djugu na ya ADF huko Irumu na Mambasa yamesukuma shule nzima hadi mjini. Zingine zinafundisha ndani ya majengo ya shule nyingine, asubuhi kundi hili, mchana lile. Mwalimu mpya aliyepangiwa kijiji kando ya barabara ya taifa namba 27 anaulizwa swali gumu: akikataa kwenda anapoteza nafasi, akienda anahatarisha maisha kwa kazi ambayo bado hailipwi. Kumtetea mtu wa namna hiyo mbele ya koordinasio, ili nafasi yake isipewe mwingine wakati yuko mkimbizini, ni kazi ambayo sendika peke yake inaweza kuifanya vizuri.

Kuna jambo dogo ambalo mwalimu mpya anaweza kulifanya mwenyewe, bila kungojea mtu: kutoa kopi za kila karatasi na kuacha moja mbali na shule. Huko Djugu, shule zilipochomwa, dosie za walimu ziliungua pamoja na madawati.