Kobe Nyumbani: Mtambue, Kisha Nawa Mikono

Je, mtoto wako ameokota kobe hapa Kegonga nawe hujui ni wa aina gani?

Anza na miguu. Miguu minene kama ya tembo ni ya kobe wa nchi kavu. Gamba likiwa limeinuka, la manjano lenye madoa meusi, huyo ni kobe-chui. Sehemu ya nyuma ya gamba ikijifunga kama mlango wenye bawaba, ni jamii ya Kinixys.

Vidole vyenye utando na gamba bapa ni dalili za kobe wa majini. Huyu huficha shingo kwa kuikunja kando. Akiweza kufunga gamba la tumboni upande wa mbele, ni Pelusios. Asipoweza, ni Pelomedusa.

Hata awe wa aina gani, anaweza kubeba viini vya salmonela bila yeye mwenyewe kuugua. Viini hutoka na kinyesi, vikabaki kwenye gamba na katika maji yake. Ndiyo sababu mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10, ambao watoto hupenda kuwatia mdomoni.

Kwa hivyo, nawa kwa sabuni kila umgusapo, wala usimwoshee jikoni. Mtoto akiharisha na kupata homa, mpeleke hospitalini, umweleze daktari kuhusu kobe huyo. Usimnunulie dawa kiholela.

Kumbuka pia kwamba sheria ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa pori bila kibali. Waarifu maafisa wa KWS.