Aljebra na Ndovu Wetu

Hapa Makutano, Meru, wanafunzi wengi hukariri aljebra pasipo kujua itawafaa nini. Mimi nashikilia kwamba mfano bora wanao karibu, nao ni ndovu.

Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufikia 1989 ujangili ulikuwa umewapunguza hadi 16,000 hivi. Hesabu ya kitaifa ya 2021 iliwapata 36,280. Basi na tuandike mlinganyo: B = A(1 + k)ⁿ, A ikiwa idadi ya mwanzo, B ya mwisho, n miaka, na k kiwango cha ongezeko. Kwa miaka hiyo 32, k ni takribani 0.026. Si ajabu, kwani ndovu hubeba mimba miezi 22.

Sasa mwanafunzi na aulize: kwa mwendo huo, 167,000 watarejea lini? Jibu ni miaka 91 baada ya 1989, yaani 2080. Kilichoangamizwa kwa miaka 16 chahitaji karibu karne nzima, tena iwapo mashamba yatawaachia nafasi, jambo ambalo mlinganyo haulijui.

Walimu, tusiwanyime vijana hesabu hii. Aliyeikokotoa kwa mkono wake hatauita ujangili kosa dogo.